Maswali ya Wasomaji: Nataka Kurusha Ndege za Abiria, Nianzie Wapi?

Barua za urubani ni nyingi kuliko nafasi tuliyonayo. Tumechagua saba zinazogusa mambo yanayoulizwa sana, na majibu tumeyapanga kwa uzito wa swali, si kwa urefu wa barua.

Shikamooni. Nina miaka 18, nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM. Nataka kuwa rubani wa ndege kubwa za abiria. Baba yuko tayari kuuza kiwanja ili nilipiwe ada. Nianze na nini? Na ni kweli lazima kwanza nipate digrii?
*Kijana wa PCM, Morogoro*

Marahaba, mwanetu. Mwambie baba asiuze kiwanja bado.

Kwanza kapime afya. Hatusemi kupima kama mtu anayeomba kazi ya ofisini, tunasema cheti cha afya ya urubani daraja la kwanza, kinachopatikana kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Mamlaka yenyewe ndiyo itakayokupa majina ya madaktari hao. Kwa leseni ya urubani binafsi sheria inaridhika na daraja la pili, na wapo watakaokushauri uanze nalo kwa sababu ni jepesi. Usiwasikilize. Anayetaka kulipwa kwa kurusha ndege lazima awe na daraja la kwanza, na hakuna maumivu kama ya kijana aliyekwisha kutumia mamilioni kupata leseni ya kwanza, kisha akaambiwa macho yake hayatofautishi rangi. Jambo hilo lingejulikana asubuhi moja tu kabla hajalipa chochote.

Daktari atapima uwezo wa kuona mbali na karibu, rangi, usikivu, umeme wa moyo, shinikizo la damu, mkojo na damu, na atauliza historia ya magonjwa yako na ya ukoo. Kifafa kilichothibitishwa hufunga mlango. Kisukari kinachohitaji insulini nacho, kwa kawaida, huufunga. Kwetu watu huogopa sana habari za selimundu, kwa hiyo tuseme wazi: mwenye ugonjwa wenyewe hapiti, lakini aliyebeba kinasaba kimoja tu bila kuugua kwa kawaida hupita. Usifiche kitu kwenye fomu. Cheti hiki hupimwa upya kila baada ya miezi 12, na uongo wa mwaka wa kwanza huweza kukufuata hadi siku unayokaa kiti cha kapteni.

Digrii haitakiwi na kanuni. Viwango vya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, vinataja umri, afya, masomo ya anga, saa za kuruka na ujuzi: miaka 17 kwa leseni binafsi, 18 kwa leseni ya biashara, 21 kwa leseni ya juu kabisa ya marubani wa mashirika. Mwajiri akipata waombaji wengi anaweza kuchuja kwa digrii, hilo ni lake. PCM inakutosha sana. Hesabu za rubani si ngumu, ila hufanywa kichwani huku mikono ikiwa na kazi nyingine: uko futi 30,000, unataka kufika chini, zidisha elfu zako kwa tatu, anza kushuka ukiwa umebakiza kama maili 90 za baharini na uongeze kidogo za kupunguzia mwendo. Ukiweza kufanya hivyo huku mtu anakusemesha redioni, fizikia ya kidato cha sita imefanya kazi yake.

Sasa njia yenyewe. Utaanza na leseni ya mwanafunzi, inayokuruhusu kuruka peke yako chini ya uangalizi wa mkufunzi. Leseni ya urubani binafsi, PPL, kwa kiwango cha ICAO inadai saa 40, au 35 ukiwa kwenye kozi iliyoidhinishwa. Kati ya hizo, 10 uwe peke yako ndani ya ndege, na 5 za hizo 10 ziwe za safari kutoka uwanja hadi uwanja, ikiwemo safari moja ya kilomita 270 au zaidi ambamo unatua na kusimama katika viwanja viwili tofauti. Darasani kuna sheria za anga, ndege na mifumo yake, upangaji wa safari na uwezo wa ndege, mwili na akili ya binadamu, hali ya hewa, uongozaji wa njia, taratibu za kazi, kanuni za kuruka na mawasiliano ya redio. Hali ya hewa ndiyo huangusha wengi, kwa sababu wanaikariri badala ya kuielewa.

Wachache sana humaliza PPL kwa saa 40. Tarajia 50 hadi 60. Si kwa sababu ya uzito wa akili. Ni mapengo. Mwanafunzi anayeruka mara moja kwa wiki hutumia theluthi ya kila somo kurudisha mikono mahali ilipokuwa wiki iliyopita, na theluthi hiyo anailipia. Ukishaanza, ruka mara tatu au nne kwa wiki. Kama fedha haziruhusu mwendo huo, bora usubiri miezi sita uzikusanye kuliko kuanza kwa kudonoadonoa.

Baada ya hapo ni leseni ya biashara, CPL: saa 200 kwa jumla, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa inayokwenda mfululizo. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa hiyo soma polepole. Katika saa 200 hizo, 100 lazima uwe wewe ndiye rubani mwenye mamlaka ya ndege (kwa kozi iliyoidhinishwa, 70). Inatakiwa pia safari ya kilomita 540 yenye kutua viwanja viwili tofauti, na saa 5 za usiku zenye kupaa na kutua mara tano. Kibali cha kuruka kwa vyombo, kile kinachokuruhusu kuingia mawinguni, kinadai saa 40 za vyombo, na ndani yake hadi 30 zaweza kufanywa kwenye simuleta, mashine ya ardhini inayoiga ndege, pamoja na saa 50 za safari ukiwa rubani mwenye mamlaka. Mwanafunzi asiyepanga hujikuta ana saa 210 kwenye daftari, lakini 130 kati yake alikuwa na mkufunzi pembeni. Hajafikisha 100 zake. Anarudi kulipia saa 20 ambazo angeweza kuzipata bila nyongeza yoyote.

Dawa yake ni kuifanya saa moja ikuhesabie mara mbili. Ukitoka peke yako, usizunguke juu ya mji kupiga picha: safiri kwenda uwanja mwingine, ili saa hiyo iingie kwenye 100 za mamlaka na kwenye 50 za safari kwa pamoja. Chora jedwali la mahitaji ukurasa wa kwanza wa daftari lako la saa na ulijaze kila jioni. Usimwachie mkufunzi. Mkufunzi anajaza la kwake.

Mwisho ni kibali cha injini mbili. Ndege hizi, mfano Piper Seneca au Diamond DA42, kwa saa moja huwa ghali kuliko ya injini moja kwa mbali, kwa hiyo mazoezi ya vyombo yafanye kwenye simuleta na injini moja kadiri unavyoruhusiwa, na injini mbili ubakishe saa zinazotakiwa na mtihani. Kibali cha ndege kubwa, kama ATR, Dash 8 au Boeing 737, kinafuata baadaye, na msimamo wetu ni huu: usikinunue kwa fedha yako kabla hujawa na barua ya ajira mkononi. Kibali cha ndege usiyoirusha huisha muda wake kama maziwa.

Assalaam alaykum. Navaa miwani tangu darasa la sita. Kila mtu ananiambia urubani nisahau. Ni kweli?
*Mvaa miwani, Unguja*

Waalaykum salaam. Si kweli. Kwa daraja la kwanza kila jicho lifike 6/9 (yaani lione kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 9), na yote mawili kwa pamoja 6/6, *ukiwa na miwani au bila miwani*. Ikiwa bila miwani jicho lolote linaona chini ya 6/60, utatakiwa kuleta ripoti kamili ya daktari bingwa wa macho, lakini hiyo ni ripoti tu. Ukipita kwa miwani, cheti kitaandikwa kwamba uvae ukiwa kazini na uwe na ya akiba karibu. Lenzi za machoni zinakubaliwa zikiwa za nguvu moja na zisizo na rangi, na bado miwani ya akiba uwe nayo. Ukifikiria upasuaji wa macho, muulize kwanza daktari wa urubani, maana baada ya upasuaji hutapimwa mara moja. Kuna muda wa kusubiri hadi jicho litulie.

Kinachostahili hofu ni rangi. Utaonyeshwa kitabu chenye vidoti vinavyoficha namba, kipimo cha Ishihara. Ukikosea, omba kipimo cha pili cha kina, kwa sababu Ishihara huwakamata hata wenye upungufu mdogo.

Hamjambo wahariri. Binti yangu amekubaliwa shule ya urubani. Wanasema atamaliza saa 200 ndani ya mwaka mmoja, na tukilipa ada yote kwa mkupuo wanatupa punguzo. Mimi ni mfanyabiashara, nina wasiwasi lakini sijui niulize nini.
*Mama mzazi, Tanga*

Mama, wasiwasi wako una msingi. Mkupuo usilipe, punguzo liwe kubwa namna gani. Shule za urubani hufa duniani kote, na anayekufa nazo kifedha ni mzazi aliyelipa yote mapema. Lipa kwa mafungu ya saa 10 au 20, na mkataba useme wazi fedha ya saa ambazo hazijarukwa itarudishwa ndani ya siku ngapi.

Kisha nenda shuleni mwenyewe. Omba kuona cheti cha kuidhinishwa na mamlaka kama taasisi ya mafunzo, na usome ndani: kinataja kozi gani? Shule inaweza kuwa na ruhusa ya leseni binafsi tu huku inatangaza ya biashara. Baada ya cheti, omba kuona ndege. Siyo picha. Zihesabu zinazoruka wiki hiyo, na uulize zilizoegeshwa zinangoja nini. Ndege za mafunzo hukaguliwa kila saa 50 na kwa kina zaidi kila saa 100; injini ikifikia muda wa kufumuliwa upya na kipuri kikawa njiani kutoka nje, ndege inaweza kukaa chini wiki nyingi.

Sasa fanya hesabu ya dukani kwako. Tuseme ndege mbili zinafanya kazi, kila moja saa 5 kwa siku, siku 22 za mwezi. Hizo ni saa 220. Shule ina wanafunzi 30. Kila mmoja anapata kama saa 7 kwa mwezi. Saa 200 zitachukua zaidi ya miaka miwili, na hapo hatujahesabu masika ya Machi hadi Mei wala mawingu ya mchana. Yule aliyekuambia mwaka mmoja ama ana ndege nyingi kuliko hizo, ama hajapiga hesabu. Waulize pia wakufunzi wangapi wameajiriwa na kila mmoja amekaa muda gani. Mkufunzi kijana hufundisha ili apate saa za kuomba kazi kwenye mashirika, na siku akiitwa anaondoka. Shule yenye wakufunzi wawili tu inaweza kusimama siku hiyo.

Ada iliyo kwenye kipeperushi mara nyingi imepigwa kwa saa za chini kabisa zinazotakiwa. Wewe panga kwa asilimia 25 juu yake. Uliza kama ndani yake kuna ada za kutua, ada za mitihani ya mamlaka, malipo ya mtahini, vitabu, vipokea sauti vya masikioni na bima. Na kuna swali moja ambalo wazazi hawalijui: saa zinahesabiwa kwa mita ipi? Mita ya Hobbs huhesabu muda wa saa ya ukutani tangu injini iwake. Mita ya mizunguko ya injini hutembea taratibu injini ikiwa inanguruma kidogo, kama vile ndege inapojivuta kwenda kwenye njia ya kurukia. Kwenye mafunzo, yenye kusubirisubiri kwingi, tofauti yaweza kuzidi asilimia 10. Shule mbili zenye bei moja kwa saa zinaweza kutoza fedha tofauti kabisa mwisho wa mwezi.

Kitu kibaya kuliko vyote ni fedha kuisha binti akiwa na saa 150. Kwenye ngazi hiyo hawezi kuajiriwa, mikono inapoa, cheti cha afya kinaisha, na matokeo ya mitihani ya darasani nayo yana muda wake wa kutumika. Akirudi baada ya mwaka mmoja na nusu atarudia mengi. Kama fedha za safari nzima hazionekani, afike PPL, apumzike hapo kwa makusudi, na aendelee zikipatikana. Leseni binafsi ni kituo. Saa 150 ni porini.

Habari zenu. Nilianza mafunzo Dar es Salaam kwenye Cessna 172, nimehamia uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Kupaa kwangu kumekuwa kwa kukokota na kutua naelea hadi katikati ya njia. Mkufunzi mpya anasema "utazoea". Nini kimeharibika?
*Mwanafunzi wa saa 31, Nairobi*

Hujaharibika wewe. Umehamia juu. Dar uko karibu na usawa wa bahari. Wilson iko takriban futi 5,500. Kwa urefu huo joto la kawaida la vitabu ni kama nyuzi 4. Mchana ukiwa na nyuzi 25, kila nyuzi ya ziada huongeza kama futi 120 kwenye urefu ambao ndege "inauhisi": 21 mara 120 ni futi 2,520. Kwa hiyo bawa, propela na injini vinafanya kazi kama viko futi 8,000. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hapo imepoteza karibu robo ya nguvu zake. Hata Dar yenyewe kwenye nyuzi 32 ndege huhisi iko futi 2,000, ila ukiwa na njia ndefu hukugundua.

Mambo matatu yashike. La kwanza ni kitasa chekundu cha mchanganyiko wa petroli na hewa. Dar uliambiwa kisukumwe ndani kabisa wakati wa kupaa, na ilikuwa sahihi. Wilson ukifanya hivyo injini inapata petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, inakokota, plagi zinajaa masizi. Kabla ya kupaa, punguza mchanganyiko kwa utaratibu wa kitabu cha ndege hadi mizunguko ifike juu kabisa, kisha rudisha ndani kidogo. Muombe mkufunzi akuonyeshe mara moja, ukiwa umesimama breki zikiwa zimekamatwa.

La pili, mwendo wa kwenye saa ya kasi haubadiliki. Kama unakaribia kutua kwa noti 65 (maili za baharini kwa saa) Dar, Wilson ni 65 hizohizo. Lakini ardhi inakimbia zaidi chini yako kwa sababu hewa ni nyepesi, na jicho linakudanganya kwamba una kasi nyingi. Wanaolitii jicho huvuta pua juu mapema na kupoteza mwendo karibu na ardhi, jambo la hatari. Wanaoogopa hilo huongeza noti 10 "za usalama", na hizo ndizo zinazokufanya uelee. Tunashuku wewe ni wa kundi la pili. Shika namba ya kitabu.

La tatu, uzito. Watu wawili na tangi zilizojaa ni habari tofauti huku juu. Fungua jedwali la kupaa katika kitabu cha ndege, tafuta urefu na joto la siku hiyo, soma mita, ongeza akiba. Ruka asubuhi. Kabla ya saa nne ndege ileile itakushangaza.

"Utazoea" si jibu la mkufunzi. Mwambie hivyo kwa heshima.

Kaka yangu ananishauri nikasome Marekani au Afrika Kusini, kwamba ni haraka. Hapa Afrika Mashariki hakuna kitu?
*Msomaji, Mwanza*

Kipo. Wilson ina shule kadhaa. Soroti nchini Uganda kuna chuo cha anga kilichoanzishwa 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule. Addis Ababa kuna chuo cha shirika la ndege la Ethiopian. Na Dar es Salaam Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kimeingia kwenye mafunzo ya anga. Nje unanunua zaidi hali ya hewa tulivu, ndege nyingi na petroli ya ndege inayopatikana bila tabu, maana petroli hii si mafuta ya Jet A-1 yanayotumiwa na ndege kubwa, na kwetu hupatikana viwanja vichache kwa bei ya juu.

Haraka hiyo ina gharama zake. Marekani utahitaji viza ya mafunzo ya ufundi, M-1, na uchunguzi wa kiusalama wa serikali kabla ya kuanza kuruka. Leseni yao ya biashara kwa njia ya kawaida ni saa 250, si 200. Kwa shule zenye mtaala ulioidhinishwa ni 190. Ulaya, mitihani ya darasani ya leseni ya juu ni masomo 13 na kila moja ni asilimia 75, na tangu Uingereza ijitoe kwenye mfumo wa Ulaya, leseni yake ni ya kwake peke yake; usichanganye.

Ukirudi, leseni ya nje haitumiki hivihivi kwa ndege iliyosajiliwa Tanzania. Itabidi ibadilishwe: mamlaka ya kule ithibitishe kwa maandishi kwamba ni halali, ufanye mtihani wa sheria za anga za hapa, cheti cha afya cha hapa, na uruke na mtahini. Kabla ya kukata tiketi iandikie TCAA uulize mahitaji kwa leseni ya nchi unayokwenda, na majibu yawe ya maandishi. Wengi huuliza wakisharudi, na bila kazi miezi hiyo ya kusubiri ni mirefu.

Nina CPL, kibali cha vyombo na injini mbili, jumla saa 214. Nimepeleka wasifu kila mahali, kimya. Nifanye nini?
*Rubani bila ndege, Nairobi*

Pengo kati ya saa 200 na ajira ya kwanza ndilo ambalo shule hazilitangazi. Waajiri wengi, na bima zao, wanataka saa zaidi ya ulizonazo. Njia tunayoiamini kwanza ni kibali cha ukufunzi. Unalipwa kidogo, lakini saa zinaingia ukiwa wewe ndiye mwenye mamlaka ya ndege, na kufundisha mtu kutua hukufunza kutua kuliko kitu chochote.

Njia ya pili ni Cessna Caravan, inayobeba watalii kwenda Maasai Mara, Serengeti na Zanzibar na mizigo ya misaada kuelekea Sudan Kusini. Hapa kuna mtego wa hesabu. Caravan imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Kwa kanuni ya ICAO, ukikaa kiti cha msaidizi kwenye ndege ya aina hiyo, saa zako zinaweza kuhesabiwa nusu tu kuelekea leseni ya juu, isipokuwa mamlaka iridhike kwamba ndege ina vifaa vya rubani wawili na inaendeshwa kwa utaratibu wa marubani wawili. Kwenye Dash 8 au ATR, ambazo lazima ziwe na wawili, saa zinahesabiwa zote. Kwa hiyo kabla ya kusaini, muulize mwajiri: msaidizi anaandika nini kwenye daftari, na KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, inakubali nini? Leseni ya juu, ATPL, inadai saa 1,500, zikiwemo 100 za usiku na 75 za vyombo. Ukidhani una 1,200 kumbe mamlaka inaona 700, umepoteza mwaka.

Wakati unasubiri, kibali cha vyombo kisife. Tenga fedha za simuleta na za kupaa na kutua mara tatu kila siku 90. Mwajiri akipiga simu Alhamisi anamtaka wa Jumatatu, humchukua ambaye karatasi zake zote ziko hai. Wasifu peleka kwa mkono kwenye mahanga (mabanda ya ndege) ya Wilson, kwa rubani mkuu, si kwa barua pepe ya ofisi pekee. Na usijaribiwe na saa za kalamu, zilizoandikwa bila kurukwa. Daftari lako hulinganishwa na daftari la ndege, na namba zisipooana hutaulizwa mara ya pili.

Kiingereza changu ni cha shule ya kata. Pia nina miaka 34. Nimechelewa mara mbili?
*Fundi umeme, Dodoma*

Kiingereza cha redioni kinapimwa kwa ngazi sita. Unahitaji ya nne. Wanapima matamshi, sarufi, msamiati, ufasaha, uelewa na namna unavyojibu, na ngazi yako ni ile *ya chini kabisa* kati ya sita hizo, siyo wastani. Kwa hiyo ukiwa na msamiati mzuri lakini unashindwa kuelewa lafudhi za wengine, utabaki chini. Sikiliza mawasiliano halisi ya minara kila siku nusu saa, na ujizoeze kueleza tatizo lisilo kwenye misemo ya kawaida: abiria ameugua, kuna ng'ombe kwenye njia, moshi unatoka kwenye dashibodi. Ngazi ya nne hupimwa upya ndani ya miaka mitatu.

Umri: kwenye mashirika yenye marubani wawili ukomo wa kimataifa ni miaka 65. Ukianza sasa na fedha zikiwepo, CPL utaipata ukiwa na 36 au 37, halafu kuna lile pengo. Kapteni wa ndege kubwa katikati ya miaka ya 40 inawezekana. Swali letu kwako ni jingine: una watoto? Miaka miwili bila mshahara, na pengine miwili ya mshahara mdogo baada yake, ndiyo hesabu ya kukaa na mwenzio kabla ya kupiga simu shuleni. Ufundi umeme usiuache. Mahanga yana kazi ya mafundi wa umeme na vyombo vya ndege, na hiyo nayo ina leseni yake TCAA.